Kundi la muziki limekumbuka maneno mengi kuliko la kimya, supavaiza anasema "vigeu vya nje". Vipi hivyo wakuu?

#1 Binti_Kondoa
Wakuu habari za jioni. Niko mwaka wa mwisho saikolojia, chuo nakihifadhi. Jaribio la disatesheni yangu liko hivi: mtu anapewa orodha ya maneno 20 ya Kiswahili, anakariri dakika chache, karatasi inachukuliwa, anaandika anayoyakumbuka. Kundi moja linakariri bongo fleva ikilia kwenye spika, jingine kimya kabisa. Nilitegemea kimya washinde maana ndo vitabu vinavyosema, ila wa muziki wamewaacha mbali na sio tofauti ya kubabaisha. Nimempelekea supavaiza, kasoma ukurasa mmoja kaniandikia kwa peni nyekundu "vigeu vya nje havijadhibitiwa, rudia". Basi, hakuna neno la ziada. Maneno ni yale yale, karatasi zile zile, muda ule ule, sasa nidhibiti nini tena? Au ndo hataki tu kuyaamini matokeo? Naombeni mawazo, matusi wekeni pembeni.

#2 kipanga_mweusi
Nipo siti ya mbele kabisa na karanga zangu.

#3 Mzee wa Kokoto
Mdogo wangu kabla hatujamlaumu supavaiza jibu haya. Makundi yalifanya siku moja? Saa ngapi? Nani alikwenda kundi lipi na kwa utaratibu gani? Na nani alikuwa amesimama mbele?

#4 Binti_Kondoa
Muziki ilikuwa Jumanne asubuhi, kimya Ijumaa baada ya chakula cha mchana maana ndo ukumbi ulipatikana. Nilitangaza kwenye gurupu la WhatsApp, waliowahi kuandika majina wakaingia kundi la kwanza, waliofuata la pili, sikupendelea mtu. Kimya nilisimamia mwenyewe, muziki alisimamia kaka mmoja wa darasani ndo mwenye spika. Namba msiniombe, supavaiza kasema nisizimwage kabla sijawasilisha.

#5 kipanga_mweusi
Hahahahaha Ijumaa saa nane mchana, watu wametoka kupiga ugali maharage, joto, halafu unawaambia KIMYA. Dada hapo hujapima kumbukumbu, umewabembeleza walale.

#6 Mzee wa Kokoto
Kipanga anatania ila ndo penyewe. Wewe umebadilisha muziki, lakini pamoja na muziki umebadilisha siku, saa, tumbo, msimamizi na aina ya watu. Hivyo ndo vigeu vya nje, yaani vitu vya pembeni usivyovipima ila vinaweza kubadili matokeo, na vyote vimehama pamoja. Ukiona tofauti huwezi kujua imeletwa na muziki au na kipi kati ya hivyo vitano. Sasa elewa kitu kimoja ambacho wengi wanakichanganya: kelele zinazoyapata makundi yote mawili sawasawa sio adui mkubwa, zinakutawanyia tu alama zako na kufanya tofauti iwe ngumu kuonekana. Adui ni kile kinachotembea bega kwa bega na hicho unachokipima. Joto likiwa pande zote mbili ni kero, joto likiwa Ijumaa tu limeshakuwa jibu la pili la swali lako.

#7 daktari_wa_mtaa
Mi nadhani mnamwonea. Inawezekana kabisa muziki umesaidia. Mmesahau ile ya Mozart? Wanafunzi wa chuo kule California walisikilizishwa Mozart dakika 10 wakawa na akili zaidi, ikatoka kwenye jarida la Nature 1993. Hadi leo watu wanawapigia muziki huo watoto walio tumboni.

#8 Nuru ya Kibamba
Daktari hiyo hadithi umeishia katikati ya barabara. Pepa ya Rauscher na wenzake wa 1993 ilikuwa ya wanafunzi 36 na haikusema "akili zaidi", ilikuwa alama za maswali ya kufikiria maumbo, na yenyewe iliisha ndani ya robo saa hivi. Magazeti ndo yakaivalisha suti. Gavana wa Georgia kule Marekani, Zell Miller, 1998 akaomba fedha kwenye bajeti kila mtoto anayezaliwa apewe muziki wa klasiki.

Ila kilichonifurahisha ni kilichofuata. Nantais na Schellenberg 1999 waliuliza, ukiweka kitu kingine kinachofurahisha badala ya Mozart je? Wakaweka hadithi fupi ya kusomewa. Waliopenda hadithi wakafanya vizuri baada ya hadithi, waliompenda Mozart wakafanya vizuri baada ya Mozart. 2001 Schellenberg na Thompson na Husain wakaenda mbele zaidi, wakaonyesha ukishahesabu furaha na kuchangamka kwa mtu, hiyo athari ya Mozart inayeyuka. Lile kundi la kulinganishia la mwanzo lilikuwa linakaa kimya au linasikiliza maelekezo ya kutulia, kwa hiyo labda Mozart hakumpandisha mtu yeyote, kimya ndo kiliwashusha wengine.

Binti_Kondoa hiyo ni kesi yako kabisa ila kwa bongo fleva.

#9 Binti_Kondoa
Asante Nuru, hiyo sikuwa nayo. Kwa hiyo nipime na furaha?

#10 Nuru ya Kibamba
Ndiyo. Usichoweza kukiziba, kipime. Maswali mawili tu kabla hawajaanza: umechangamka kiasi gani, unajisikiaje. Ukishakuwa nayo kwenye karatasi unaweza kuiweka kwenye hesabu baadaye. Usipoipima imeondoka na haitarudi.

#11 Jamaa wa Bumu
Samahanini nauliza swali la kijinga. Hiyo Jumanne bumu, hela ya mkopo wa chuo, lilikuwa limeingia au bado??

#12 Binti_Kondoa
Liliingia Jumatatu jioni yake 😅

#13 Jamaa wa Bumu
KESI IMEKWISHA. Funga uzi. Mtu ana hela mfukoni hata ukimpa maneno mia anakumbuka.

#14 kipanga_mweusi
Kwa wengine Ijumaa bumu lilikuwa limeshaisha kwa hiyo wote tunawaelewa.

#15 Bint Mkunazini
Mie naona hamjamuuliza huyo kaka wa spika. Mwanangu, huyo kaka alikuwa anajua unategemea nini? Maana wewe uliposimama mbele ya wa kimya ulikuwa unajua watashinda, sasa sijui uliwaangalia vipi, uliwasomea maelekezo kwa sauti gani. Mie nimefundisha darasa la pili miaka mingi na nakwambia mtoto anasoma uso wa mwalimu kabla hajasoma ubao.

#16 Binti_Kondoa
Bibie shikamoo. Alikuwa anajua ndiyo, tulikuwa tunabishana, yeye anasema muziki mi nasema kimya.

#17 Mzee wa Kokoto
Lahaula. Kwa hiyo kila kundi limesimamiwa na mtu mwenye timu yake. Ila mbona timu yako imefungwa nyumbani?

#18 fundi_takwimu
Hapo ndo pananichanganya hata mimi. Kama ni matarajio ya msimamizi basi kundi la kimya lingepata nguvu kutoka kwa Binti. Labda kaka ana ushawishi zaidi.

#19 kipanga_mweusi
Kaka ana spika, wewe una kimya. Ushawishi gani tena unautafuta.

#20 Mama Ntilie PhD
Hii ya msimamizi ichukulieni kwa uzito, ina historia ndefu. Mnamjua farasi Hans? Berlin, mwanzoni mwa karne iliyopita, mwalimu mstaafu wa hesabu anaitwa von Osten ana farasi anajumlisha, anatoa, anasema tarehe, anajibu kwa kugonga kwato. 1904 ikaundwa tume, profesa Carl Stumpf akiwemo, ikasema hakuna utapeli. Halafu Oskar Pfungst akaingia kazini taratibu: akaweka waulizaji wasiojua jibu, farasi akapotea. Akamziba farasi asimwone muulizaji, akapotea. Kumbe watu walikuwa wanainama kidogo sana kutazama kwato, na zikifika idadi sahihi kichwa kinanyanyuka kidogo bila wao kujua. Pfungst alipojua siri yote bado akawa anashindwa kujizuia yeye mwenyewe. Kaandika 1907.

Utasema huyo farasi. Haya, 1963 Rosenthal na Fode wakawapa wanafunzi panya, nusu wakaambiwa hawa ni wa ukoo wa werevu, nusu wakaambiwa hawa mbumbumbu. Panya wote walikuwa wa kawaida, wamegawanywa tu. "Werevu" wakashinda kwenye mtihani wa kutafuta njia ndani ya vichochoro vya kupoteza. Hakuna aliyeiba, watu waliwashika wale "werevu" kwa upole zaidi, waliwapenda zaidi.

#21 msela_wa_mazimbu
Mama Ntilie umegusa panya nimeamka. Hapa Morogoro kuna wale panya buku wa APOPO wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini, si mnamkumbuka Magawa aliyepewa medali ya dhahabu Uingereza 2020. Kabla panya hajapelekwa nje anapewa mtihani ambao muongozaji wake hajui bomu limefukiwa wapi. Sababu ni hiyo hiyo ya farasi. Muongozaji akijua anaweza kusita na kamba pale penye bomu, panya anajifunza kunusa kamba badala ya baruti. Uwanjani hamna wa kusita.

#22 daktari_wa_mtaa
Sawa lakini panya na farasi sio wanafunzi wa chuo. Binadamu mzima anajua anachofanya.

#23 Mama Ntilie PhD
Daktari unapenda sana kujipeleka 😂. 1996 Bargh na wenzake New York University walitoa jaribio maarufu: wanafunzi wakichezea maneno yanayohusu uzee, wakitoka wanatembea polepole kwenye korido. Likaingia kwenye kila kitabu. 2012 Doyen na wenzake wa chuo kikuu cha Brussels wakalirudia, muda wakaupima kwa vifaa vya miale badala ya mtu na saa ya mkononi. Tofauti haikuonekana. Wakafanya jaribio la pili, safari hii wasimamizi wenyewe ndo wakadanganywa, wengine wameambiwa watu watatembea pole, wengine wameambiwa watatembea haraka. Kwa msimamizi aliyetarajia pole, pole ikatokea. Hao ni binadamu wazima wa chuo daktari.

#24 daktari_wa_mtaa
Nimekaa.

#25 omosh_wa_siaya
Wasee wa Bongo salamu. Mimi niko upande wa Kenya na niliwahi kufanya kazi ya kuhoji watu mashinani, kwa hivyo wacha niongeze. Huku kwetu Rarieda kulikuwa na ule utafiti wa Haushofer na Shapiro wa kupatia familia maskini pesa bila masharti, ulichapishwa 2016. Walipima hata stresi kwa mate, ile homoni ya kotiso. Sasa kotiso asubuhi iko juu, jioni iko chini, ukikunywa chai inabadilika, ukivuta fegi inabadilika. Kwa hivyo kwa hesabu wakaweka umekula ama umekunywa nini, umevuta, umemeza dawa, umeamka saa ngapi. Yaani huwezi kuambia mtu wa kijiji asinywe chai ndio usayansi wako uende vizuri, unaandika tu amekunywa na unaendelea.

Na kulikuwa na shida ingine, jirani. Ukipatia boma moja pesa na la karibu ukakosa kuwapa, hilo la karibu si "kundi dhibiti", yaani la kulinganishia, safi tena, pengine wana wivu, pengine wamekopeshwa, pengine wamealikwa kula kuku. Ndio maana waligawanya mara mbili, kwanza vijiji halafu maboma ndani ya vijiji, wapate kulinganisha pia na vijiji ambavyo pesa haikufika kabisa. Kwa hivyo dadangu swali langu: watu wako wa Jumanne waliongea na wa Ijumaa?

#26 Jamaa wa Bumu
Wanaishi hosteli moja, unauliza kama waliongea 😂😂

#27 fundi_takwimu
Omosh swali zuri ila tulifikirie mpaka mwisho. Maneno kama yalivuja Jumanne yangewasaidia wa Ijumaa, yaani wa kimya, na wao ndo wameshindwa. Kwa hiyo kuvuja hakuelezi haya matokeo, kungeyapunguza. Ni vizuri kwa kila kigeu cha nje mtu ajiulize kinasukuma upande gani. Sio kila kitu cha pembeni kinaua hoja, vingine vinaipa nguvu.

#28 omosh_wa_siaya
Si maneno tu yanavuja. Wanaweza kuwa waliambiana "hiyo kitu ni upuzi, hakuna pesa, unakaa tu". Umefika Ijumaa huna hamu.

#29 Binti_Kondoa
Sasa hapo umenikumbusha kitu… Jumanne kulikuwa na soda.

#30 kipanga_mweusi
SODA??? 😭😭😭 Ulikuwa unaisemaje "sikubadilisha kitu"?

#31 Binti_Kondoa
Sikupanga jamani, kaka wa spika alileta kreti ya mjomba wake. Na mliniuliza msimamizi hamkuniuliza soda.

#32 Bint Mkunazini
Yakhe huyo kaka anakupenda, mambo ya utafiti hayo tuyaache kidogo.

#33 Jamaa wa Bumu
Bibi umemaliza 🤣

#34 Nuru ya Kibamba
Turudi. Kuna jambo halijasemwa, la waliowahi kujiandikisha. Anayeona tangazo dakika ya kwanza na kuandika jina ni mtu wa aina gani? Ana bando, ana simu iliyo na chaji, anapenda mambo ya darasa, labda ni rafiki yako. Aliyejiandikisha mwisho labda kasukumwa. Hata ungefanya vyote siku moja, saa moja, bila soda, bado makundi yalikuwa tofauti kabla muziki haujaanza kulia. Dawa yake rahisi kuliko zote: andika majina, changanya kwenye kofia, chomoa. Bahati nasibu haikufanyii makundi yafanane kama mapacha, ila inahakikisha kama hayafanani basi sio kwa sababu yoyote yenye mpangilio. Na inakusawazishia hata usivyovifikiria, hapo ndo uzuri wake ulipo. Soda tumeijua leo, kuna vingine hatutavijua kabisa.

#35 daktari_wa_mtaa
Na kama watu ni wachache kofia inaweza kuweka wote wenye akili upande mmoja.

#36 Nuru ya Kibamba
Kweli hiyo, leo umesema. Kwa watu wachache unaweza kwanza kuwapanga wawili wawili wanaolingana, mfano kwa alama za mtihani uliopita, halafu shilingi inaamua nani muziki nani kimya. Au kila mtu afanye hali zote mbili, muziki na kimya, kwa orodha mbili tofauti, nusu waanze na muziki nusu waanze na kimya, na orodha nazo uzizungushe. Hapo mtu analinganishwa na nafsi yake, mambo ya nani mwerevu yanaondoka. Yanabaki ya kuchoka na kuzoea, na kuzungusha kunayagawa pande zote.

#37 dereva_wa_Tunduma
Mimi sio msomi ila niko kwenye foleni ya mpakani tangu mchana kwa hiyo nasoma uzi wote. Swali, mnasema maneno yale yale kwa wote ndo haki. Je kama hayo maneno yenyewe wengine wanayajua zaidi? Umeweka maneno gani dada?

#38 Binti_Kondoa
Ya kawaida tu, mfano: dirisha, ngalawa, kikapu, shaba, mkeka, tanga, mgomba, kinu…

#39 Bint Mkunazini
Ngalawa na tanga! Wa pwani hapo tunakumbuka tumelala.

#40 kipanga_mweusi
Na mgomba je, Wahaya na Wachaga mmewapa la bure.

#41 Mama Ntilie PhD
Dereva sema wewe sio msomi ila hilo swali ni la kisomi kuliko yote humu. Na uko mahali pake kabisa. Ukivuka hapo Nakonde ukaenda hadi Lusaka, mwanasaikolojia Robert Serpell alifanya utafiti huko, ukachapishwa 1979. Watoto wa Lusaka na watoto wa Manchester Uingereza, kazi ni kunakili umbo. Kwa penseli na karatasi Waingereza wakashinda. Kwa waya wa kukunja Wazambia wakashinda. Kwa udongo wa kufinyanga hakuna mshindi. Swali moja, umbo moja, kilichobadilika ni chombo tu. Angetumia penseli peke yake angeandika kitabu kizima kuhusu watoto wa Kiafrika na macho yao.

#42 dereva_wa_Tunduma
Kweli kabisa, watoto huku wanatengeneza gari za waya zina mpaka usukani unaogeuka. Nimebeba moja kwenye kabini.

#43 msela_wa_mazimbu
Na Bagamoyo je Mama Ntilie, ile ya Sternberg, mwanasaikolojia wa Marekani?

#44 Mama Ntilie PhD
Ahaa. 2002, Sternberg na wenzake wa Kitanzania na wa nje, watoto wa shule za vijijini Bagamoyo. Walipewa vipimo vya kufikiri, halafu wakafundishwa kwa muda mfupi tu namna ya kuvikabili, kisha wakapimwa tena. Wakapanda, kuliko wasiofundishwa. Na alama za baada ya mafunzo ndo zilioana vizuri zaidi na vipimo vingine vya akili na masomo. Maana yake zile za mwanzo zilikuwa zimechanganyika na kitu kingine, mtoto hajawahi kuona karatasi ya aina hiyo, hajui unataka nini, anaogopa kukosea mbele ya mgeni. Kuzoea mtihani nacho ni kigeu cha nje, na kwetu huku ni kikubwa.

#45 Mzee wa Kokoto
Hiyo ya kutokujua mgeni anataka nini inanikumbusha kinyume chake, yaani mtu kujua sana. Ukienda kijijini na daftari watu wanakujibu unachopenda kusikia, ni adabu. Wazungu nao wako hivyo hivyo msidhani. Mtafiti Martin Orne, 1962, alitafuta kazi ya kipuuzi ambayo mtu ataikataa. Akampa mtu rundo la karatasi 2,000, kila moja ina kujumlisha 224, akaondoka zake. Saa tano na nusu baadaye aliyechoka ni Orne, mtu anajumlisha. Akaongeza, ukimaliza ukurasa uuchane vipande visivyopungua 32 uchukue mwingine. Wakachana na kuendelea. Walipoulizwa kila mmoja alikuwa ameshajitungia maana, "nilijua ni mtihani wa uvumilivu". Kwa hiyo wanafunzi wa Binti walipoona spika mbele lazima waliwaza: aha, wanataka kuona kama muziki unasaidia. Na wa kimya wakawaza nini? Hawakuona cha kuwaza.

#46 fundi_takwimu
Hii nayo nzito. Kwa hiyo wa kimya nao wawekewe spika, izimwe.

#47 kipanga_mweusi
Spika imezimwa mbele ya ukumbi wa Watanzania, dakika ya tatu mtu ananyanyuka kuangalia kama waya umechomoka.

#48 Mzee wa Kokoto
Basi waambie wote mwanzoni kwamba baadhi watasikia sauti na wengine hapana. Mwishoni waulize walidhani unatafuta nini.

#49 Jamaa wa Bumu
Mi kile kiwanda cha Hawthorne ndo kinanimaliza. Chicago, wakaongeza taa wafanyakazi wakazalisha zaidi, wakapunguza taa wakazalisha zaidi tena, kumbe ni kwa sababu wanaangaliwa. Tulifundishwa kwenye utawala.

#50 fundi_takwimu
Mlifundishwa toleo tamu. Takwimu za taa za 1924 kwenda mbele ziliaminika zimepotea, Levitt na List wakazipata na kuzichambua upya, pepa 2011. Ile hadithi haionekani wazi humo. Walichokiona ni kwamba taa zilikuwa zinabadilishwa Jumapili kiwanda kimefungwa, kwa hiyo kila badiliko linafuatwa na Jumatatu, na Jumatatu uzalishaji ulikuwa juu hata wiki ambazo taa hazikuguswa. Siku ya wiki ilikuwa imejificha nyuma ya taa. Jumanne na Ijumaa za Binti_Kondoa zina ndugu zao Chicago.

#51 Jamaa wa Bumu
Dah, mhadhiri alitupa hiyo kwenye mtihani nikapata A.

#52 daktari_wa_mtaa
Sasa naomba nipinge kidogo, kwa heshima. Mkidhibiti kila kitu, mkaweka watu kwenye chumba kimoja chenye kiyoyozi, saa moja, bila soda, maneno yasiyo ya pwani wala ya bara, msimamizi hana uso, mtakachokipata kitamhusu nani? Wanafunzi wanasoma hosteli, mwenzako anakaanga mayai, huyu anapiga simu, muziki wa jirani. Swali la Binti lilikuwa la maisha, mnaligeuza la maabara. Hata panya hawakubali: Crabbe na wenzake 1999 kwenye jarida la Science walifanya jaribio moja kwenye maabara tatu, Portland, Albany na Edmonton, wakajitahidi kusawazisha kila kitu, panya wa koo zile zile, chakula kile kile, taa kuwashwa na kuzimwa saa zile zile, na bado baadhi ya matokeo yakatofautiana maabara kwa maabara.

#53 Mama Ntilie PhD
Daktari leo umekuja na silaha. Nakuongezea nyingine: 2014 Sorge na wenzake kwenye maabara ya Mogil, chuo cha McGill Kanada, waligundua panya wakiwa na msimamizi mwanamume, au hata fulana tu iliyovaliwa na mwanamume ikiwekwa karibu, dalili zao za maumivu zinapungua kwa sababu ya stresi ya harufu. Wanawake hapana. Fikiria miaka yote hiyo nani alikuwa anaandika jinsia ya aliyeshika panya.

#54 kipanga_mweusi
Kaka wa spika na deodoranti yake tunakurudia.

#55 Nuru ya Kibamba
Daktari hoja yako ina nusu ya ukweli. Kudhibiti sio lazima kuwe kuzima. Hosteli iache kama ilivyo, mayai yakaangwe, ila nani asikilize muziki na nani asisikilize iamuliwe na kofia. Hapo kelele za maisha zimebaki zote na zimegawanyika bila upendeleo. Utahitaji watu wengi zaidi, hilo ndo gharama yake. Shida ya Jumanne na Ijumaa sio kwamba maisha yaliingia, ni kwamba yaliingia mlango mmoja tu.

#56 daktari_wa_mtaa
Wengi zaidi kwa bajeti ya mwanafunzi? Soda zenyewe za mjomba.

#57 omosh_wa_siaya
Mimi bado nadhani ni bumu na soda, watu walikuwa na raha. Nuru na Schellenberg wake wako upande wangu.

#58 Bint Mkunazini
Mie nasema msimamizi.

#59 fundi_takwimu
Mi nasema waliowahi kujiandikisha. Na kuna Salamé na Baddeley, tangu miaka ya 80 walionyesha sauti za watu wakiongea au kuimba zinaharibu kumbukumbu ya muda mfupi ya namba hata kama lugha huielewi, muziki mtupu unaharibu kidogo. Bongo fleva ina maneno ya Kiswahili tupu, ilitakiwa iwavuruge. Kwa hiyo kilichowabeba wa Jumanne kilikuwa na nguvu kuushinda huo uharibifu. Ugali peke yake sidhani.

#60 kipanga_mweusi
Hujala ugali wa kantini yetu.

#61 Binti_Kondoa
Asanteni sana wote, nimenakili kila kitu. Nimeamua hivi: kofia, siku moja Jumatano saa tatu asubuhi, vyumba viwili jirani, makundi yote mawili kwa wakati mmoja. Msimamizi atakuwa mtu asiyejua ninategemea nini, maelekezo yatarekodiwa kwenye simu wote wasikie sauti moja. Orodha ya maneno nitaipitisha kwanza kwa watu wa mikoa tofauti. Soda kwa wote, baada ya kumaliza. Kaka wa spika ataleta spika aondoke.

#62 Mzee wa Kokoto
Safi. Ila vyumba viwili sasa chumba kimekuwa kigeu. Vipi hivyo?

#63 Binti_Kondoa
Vinafanana kabisa mzee, viko sambamba, ukubwa mmoja.

#64 msela_wa_mazimbu
Jenereta liko upande gani?